Sauti Kutoka Concord

Msikilizaji, leo nataka tuzungumze juu ya mtu aliyeishi kwa kuzungumza. Ralph Waldo Emerson anajulikana kama mwanafalsafa na mwandishi wa insha, na picha zake zinamwonyesha mzee mtulivu, mwenye pua ndefu na macho ya upole, ambaye ungedhani hakuwahi kutoka katika chumba chake cha kusomea. Lakini sehemu kubwa ya riziki yake aliitafuta jukwaani. Katika maisha yake alitoa mihadhara ipatayo 1,500, mingi katika miezi ya baridi, wakati shamba limelala na usiku ni mrefu. Alipanda treni, meli za mvuke na magari ya farasi, na katika safari moja ilimbidi auvuke mto Mississippi kwa miguu, juu ya barafu.

Kumbi zilizompokea zilikuwa na historia yake. Mwaka 1826, katika mji mdogo wa Millbury, Massachusetts, mwalimu mmoja aitwaye Josiah Holbrook alianzisha chama cha kuelimishana watu wazima kwa mihadhara ya jioni. Haukupita muda mrefu, miji mingi ya kaskazini ikawa na chama cha namna hiyo. Seremala, mwalimu, mke wa mchungaji, kijana aliyeikatiza shule ili amsaidie baba yake, wote walitoa ada ndogo wakaingia kusikiliza.

Ninaanzia ukumbini kwa sababu naamini ukianzia vitabuni humpati Emerson sawasawa. Wazo lilipomjia aliliandika katika shajara yake. Baadaye alizipekua shajara hizo, akachota huku na huku, akatengeneza mhadhara. Mhadhara ukishatembea miji kadhaa na kujaribiwa mbele ya watu, ndipo ulipogeuka insha. Ndiyo maana insha zake zimejaa sentensi ambazo kila moja inataka kusimama peke yake, na anayezisoma akitafuta hoja ya kwanza, ya pili na ya tatu huzifunga kwa uchovu. Mimi huwashauri vijana wamsome kwa sauti. Hapo utasikia kwamba kuna mtu anakusemesha wewe, si umati, na anataka ukasirike kidogo.

Alizaliwa Boston mwaka 1803. Baba yake alikuwa mchungaji, akafariki mtoto hajatimiza miaka minane, na mama akabaki akiwalea watoto kwa shida huku akipangisha vyumba. Shangazi yake, Mary Moody Emerson, mwanamke mkali aliyekuwa amesoma sana kwa juhudi zake mwenyewe, ndiye aliyemfundisha kutoridhika na majibu mepesi. Aliingia Harvard akiwa na miaka 14. Mwaka 1829 akawa mchungaji wa Kanisa la Pili la Boston, akamwoa Ellen Tucker, na mwezi Februari 1831 Ellen akafa kwa kifua kikuu akiwa na umri wa miaka 19.

Mwaka uliofuata aliuacha uchungaji. Sababu aliyoitoa waziwazi ilikuwa Meza ya Bwana: alisema hawezi tena kuiongoza ibada ambayo moyo wake haumo ndani yake, hata kama waumini wenyewe hawaoni tatizo lolote. Hebu lipime jambo hilo. Hakufukuzwa wala hakuwa na kashfa, na watu walimpenda. Angeweza kuendelea kuuinua mkate na kikombe kila mara iliyopangwa, akawa mzee wa kuheshimika na pensheni ya heshima. Aliondoka kwa sababu mdomo wake ulikuwa unasema kitu na nafsi yake ikinyamaza, na kwangu mimi falsafa yake yote imo katika uamuzi huo. Vitabu vilikuja baadaye kueleza kile ambacho mwenyewe alikuwa amekwisha kukilipia.

Alisafiri Ulaya, akakutana na waandishi Wordsworth, Coleridge na Thomas Carlyle, akarudi mwaka 1833, na mwaka uliofuata akahamia Concord, mji mdogo magharibi ya Boston. Mwaka 1836 akatoa kitabu chembamba, Nature, bila hata kuweka jina lake. Kisha, tarehe 31 Agosti 1837, akasimama mbele ya wasomi wa Harvard, mjini Cambridge, na kutoa hotuba iliyompa jina.

Ili uone uzito wa hotuba ile ni lazima ujue hali ya vitabu vya Marekani wakati huo. Nchi ilikuwa imejitawala kwa zaidi ya nusu karne, lakini rafu za vitabu zilikuwa bado koloni. Hakukuwa na sheria ya kulinda haki za waandishi wa kigeni, na haikupatikana mpaka mwaka 1891. Kwa hiyo mchapishaji wa New York au Philadelphia aliweza kuchukua riwaya mpya kutoka London, akaichapa bila kumlipa mwandishi hata senti moja, na kuiuza kwa bei ndogo. Amlipe Mmarekani wa nini? Washington Irving na James Fenimore Cooper walikuwa wamepata jina, ni kweli, lakini walipimwa kwa kipimo cha Waingereza: Cooper alisifiwa kwa kuitwa Walter Scott wa Marekani. Na mwaka 1820 mkosoaji Sydney Smith, katika jarida moja la Edinburgh, alikuwa amekejeli kwamba hakuna mtu duniani anayesoma vitabu vya Wamarekani.

Emerson aliwaambia wasomi wale kwamba wamesikiliza mno vinubi vya Ulaya. Aliwaambia kitabu ni kitu kizuri kikitumika vizuri, na ni sumu kikimfanya msomaji asahau kwamba aliyekiandika alikuwa kijana kama yeye, aliyekaa katika maktaba. Aliwaelekeza kwenye mambo ya karibu: jikoni, barabarani, habari za mashua, maisha ya maskini, maana ya kazi za nyumbani. Fasihi kubwa, alisema, imo humo. Miaka mingi baadaye mwandishi Oliver Wendell Holmes aliiita hotuba hiyo tangazo la uhuru wa fikra za Marekani, na sifa hiyo imeganda.

Mwaka uliofuata hotuba hiyo, tarehe 15 Julai 1838, wanafunzi waliokuwa wakimaliza theolojia pale Harvard walimwalika azungumze nao. Akawaambia vijana hao wanaokwenda kuwa wachungaji kwamba makanisa yamemgeuza Yesu kuwa mfalme wa mbali, yakasahau alichokuja kusema: kwamba Mungu husema na kila nafsi, leo, bila mpatanishi. Maprofesa walikasirika kwelikweli. Ilipita karibu miaka 30 kabla Harvard haijamwita tena kwa heshima. Ilimpa shahada ya udaktari mwaka 1866, alipokuwa mzee na maneno yake yamekwisha kuwa ya kawaida.

Insha yake maarufu kuliko zote, Self-Reliance, ilitoka mwaka 1841. Sisi tuliokua tukisikia kwamba mtu ni watu, insha hii inatuchoma. Inasema jamii kila mahali imefanya njama dhidi ya utu uzima wa kila mmoja wa wanachama wake. Inasema ukiwaza jambo na kuliamini moyoni, liseme, hata kama jana ulisema kinyume chake. Inasema kuiga ni kujiua. Wengi wameisoma kama ruhusa ya kila mtu kujali tumbo lake, na wafanyabiashara wa Marekani wameifanya mto wa kulalia. Sioni kama hivyo ndivyo ilivyo. Nafsi ambayo Emerson anataka uitegemee si matamanio yako. Anaamini kwamba ndani kabisa ya kila mtu ipo roho moja, ileile iliyomo kwa jirani na kwa mgeni, na anayeshuka hadi kina hicho atakutana na wengine huko chini. Kujitegemea kwake ni namna ya utii, na ni utii mgumu, kwa sababu hakuna kanuni iliyoandikwa ya kukutuliza. Nyuma ya imani hiyo kuna mawazo ya Plato, kuna maandiko ya Wahindu, na baadaye kuna washairi wa Uajemi, Saadi na Hafiz, aliowasoma kwa tafsiri za Kijerumani na kuwapenda maisha yake yote.

Waliomsikia walimsikia kila mtu kwa sikio lake, na hapo ndipo fasihi ya Marekani ilipoanza kuchemka. Margaret Fuller alikuwa mhariri wa kwanza wa The Dial, jarida ambalo kundi la Emerson lililianzisha mwaka 1840 na likadumu miaka minne tu kwa kukosa wanunuzi. Aliyachukua maneno ya mwalimu akauliza swali ambalo mwalimu hakuliuliza: kama kila nafsi ina haki ya kujitawala, mwanamke je? Akaligeuza swali hilo kuwa kitabu, Woman in the Nineteenth Century, mwaka 1845. Miaka mitano baadaye alikufa maji pamoja na mumewe na mtoto wao, meli yao ilipovunjika karibu kabisa na pwani ya New York. Emerson alimtuma Thoreau akatafute mabaki na maandishi yake ufukweni. Hakupata karibu chochote.

Henry David Thoreau mwenyewe alikuwa mtoto wa Concord, mdogo wa Emerson kwa miaka 14. Aliishi katika nyumba ya Emerson kuanzia 1841 hadi 1843, akitengeneza milango, akipogoa miti, akicheza na watoto. Kibanda chake mashuhuri kando ya bwawa la Walden alikijenga katika ardhi aliyoinunua Emerson, akahamia humo tarehe 4 Julai 1845. Mwaka uliofuata alilala jela usiku mmoja kwa kukataa kulipa kodi ya kichwa kwa serikali inayolinda utumwa na kupigana vita na Mexico. Emerson hakupendezwa na kitendo hicho. Alikiona hakina maana. Lakini insha iliyotokana na usiku ule ilisomwa na Gandhi, na baadaye na Martin Luther King, na sijui kama kuna sentensi ya Emerson iliyosafiri mbali namna hiyo. Thoreau alipofariki mwaka 1862, Emerson ndiye aliyesoma hotuba ya maziko, na katikati ya sifa akapenyeza lawama: kwamba rafiki yake alikosa kiu ya makuu, akaridhika kuongoza misafara ya kuchuma matunda ya porini badala ya kuliongoza taifa. Ni lawama ya kusikitisha, kwani ilitoka kwa mtu aliyewafundisha wenzake wasijipime kwa macho ya taifa.

Herman Melville alimsikiliza Boston mwaka 1849 akamheshimu, ila hakukubali kuwa mfuasi. Moby-Dick, riwaya yake ya mwaka 1851, naisoma kama jibu. Nahodha Ahab anajitegemea kwelikweli: hasikii ushauri, hatii desturi, anafuata sauti ya ndani peke yake, na mwishowe anawazamisha mabaharia wote isipokuwa mmoja. Emerson aliuona uovu kama upungufu tu wa wema. Melville alikuwa ameishi baharini, akajua kwamba sauti ya ndani yaweza kuwa ya kichaa. Emily Dickinson kwa upande wake alizawadiwa kitabu cha mashairi ya Emerson akiwa bado kijana. Alijifungia mjini Amherst akaandika mashairi karibu 1,800, na ni machache mno yaliyochapishwa akiwa hai. Kujitegemea gani zaidi ya huko?

Sasa nifike mahali panaponigusa zaidi, na nadhani patakugusa na wewe uliye Zanzibar, Mombasa au Bagamoyo. Mwaka uleule wa 1837, Emerson alipokuwa akiwahubiria wasomi uhuru wa fikra, mtu mwingine wa Massachusetts alikuwa ameteremka Unguja. Ni Richard Waters, mfanyabiashara wa Salem, konsuli wa kwanza wa Marekani katika Zanzibar, baada ya mkataba wa biashara uliofungwa na Seyyid Said mwaka 1833. Meli za Salem zilichukua pembe za ndovu na sandarusi. Zilileta kitambaa ambacho bibi zetu walikiita merikani, kikapenya hadi bara na kutumika kama fedha. Kitambaa hicho kilifumwa katika viwanda vya Massachusetts, na pamba yake ilichumwa na watumwa wa majimbo ya Kusini. Salem pia ilikuwa na ukumbi wa mihadhara, na Emerson alizungumza hapo mara nyingi. Wasikilizaji wake walishiba kwa faida ya pamba hiyo, nao walikuja kuambiwa kwamba mtu mzima hamtegemei mwingine.

Emerson naye alikuwa na wa kumtegemea. Urithi wa marehemu Ellen ulimpatia kama dola 1,200 kwa mwaka, fedha zilizotosha kumpa nafasi ya kufikiri. Mke wake wa pili, Lidian, aliendesha nyumba iliyojaa wageni wasiokwisha. Na juu ya watu weusi, shajara zake za ujanani zina maneno ya dharau, na kitabu chake juu ya Waingereza, cha mwaka 1856, kinawatukuza Wasaksoni kama taifa la damu teule. Hata katika Self-Reliance kuna mahali anapomkemea mpinga-utumwa anayewalilia watu weusi wa Barbados walio mbali huku akiwa mkali kwa mtoto wake nyumbani. Mwafrika akisoma kifungu hicho hawezi kukipita bila kusimama. Mimi husimama kila mara.

Lakini hadithi haikuishia hapo, na kilichoisukuma mbele hakikuwa upweke wa msituni. Walikuwa wanawake wa Concord. Mwaka 1837 walianzisha chama cha kupinga utumwa, Lidian akiwa mmoja wao, na mama na dada zake Thoreau pia wakiwamo. Waliwakaribisha wasemaji, wakakusanya fedha, wakamsumbua mwanafalsafa wao mezani na barabarani. Hatimaye, tarehe 1 Agosti 1844, katika maadhimisho ya kuachwa huru watumwa wa visiwa vya Karibi vilivyokuwa chini ya Uingereza, wakampata asimame kusema. Makanisa ya mji yalikataa kuwafungulia milango, mkutano ukafanyika katika nyumba ya mahakama. Mlinzi wa kanisa alikataa kupiga kengele ya kuwaita watu, na Thoreau akakimbia kwenda kuipiga mwenyewe. Emerson alikuwa amesoma historia ya biashara ya watumwa kwa wiki kadhaa, akaeleza mateso yake bila kupamba. Aliwageukia na wanaonunua: wale ambao, maadamu sukari ni tamu na kahawa inanukia, hawaulizi imetoka kwa nani.

Sheria ya mwaka 1850 ya kuwakamata watumwa waliotoroka ilimmalizia shaka iliyobaki. Sheria hiyo ilimtaka raia yeyote wa Kaskazini asaidie msako, na aliyemficha mtoro aliweza kutozwa faini ya dola 1,000 na kifungo cha miezi sita. Seneta wa Massachusetts, Daniel Webster, ambaye Emerson alimhusudu tangu ujana, aliiunga mkono. Emerson akampa kisogo hadharani, na tarehe 3 Mei 1851 akawaambia majirani zake kwamba sheria kama hiyo haistahili kutiiwa na mtu mwenye dhamira. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa amemwona Thoreau mpuuzi kwa kulala jela. Sasa alikuwa anasema maneno ya Thoreau.

Kwa hiyo mtu akiniuliza uhuru wa nafsi uliofundishwa na Emerson una thamani gani, simpeleki kwa wanaomnukuu wakitetea mali zao. Nampeleka kwenye ile nyumba ya mahakama ya Concord, kisha nampeleka kwa Walt Whitman.

Whitman alikuwa mtoto wa seremala, mchapaji na mwandishi wa magazeti wa Brooklyn. Alimsikiliza Emerson akihadhiri New York, na baadaye akasema alikuwa akichemka polepole mpaka Emerson alipomfikisha kwenye kutokota. Mwezi Julai 1855 alitoa kwa gharama yake Leaves of Grass, mashairi 12 yasiyo na vina wala mizani iliyozoeleka. Ndani yake mna waendesha mashua, makahaba, watumwa wanaotoroka, na mwili wa binadamu bila nguo. Alimpelekea Emerson nakala. Emerson hakumjua, naye alikuwa mtu maarufu asiyekuwa na haja ya kujibu, lakini tarehe 21 Julai alimwandikia barua ya kumshangilia na kumkaribisha mwanzoni mwa kazi kubwa. Whitman akaichapisha barua hiyo gazetini bila kuomba ruhusa, kisha akapiga maneno yake kwa rangi ya dhahabu kwenye mgongo wa toleo la pili. Emerson alikerwa, ila hakuyakana aliyoyaandika.

Mwaka 1860 Whitman alikwenda Boston kusimamia uchapaji wa toleo la tatu. Emerson alimfuata, wakatembea kwa saa mbili hivi katika bustani ya Boston Common, wakienda na kurudi chini ya miti. Mzee alimsihi ayaondoe mashairi ya mapenzi ya mwili. Yatakiua kitabu, wasomaji watakikimbia. Whitman alikiri baadaye kwamba hakuwahi kusikia hoja zilizopangwa vizuri kama zile, na kwamba hakuwa na jibu hata kwa moja. Emerson alipomaliza akamuuliza ana la kusema. Whitman akajibu kwamba hawezi kuzipinga hoja hizo, lakini amezidi kuwa na hakika kwamba atafuata njia yake. Emerson hakugomba. Wakaenda hotelini wakala chakula pamoja, na kitabu kikatoka mwaka huohuo, mashairi yale yote yakiwamo.